Chungu cha Nyangeta

Wanangu mnaojifunza upishi, nimewaona mnavyopika mgagani. Mnauosha, mnaukatakata kwa kisu kama kabichi, mnautupa kwenye mafuta na kitunguu, dakika tano mnaepua. Mlaji akikunja uso mnamwambia ndivyo ulivyo, ni mboga chungu. Nilikuwa nanyamaza kwa sababu jiko ni lenu na mimi ni mzee wa kukaribishwa. Lakini mmeniomba niseme jinsi tulivyokuwa tunapikaga zamani, basi nitasema, na mtanivumilia, kwa sababu siwezi kuusema mgagani bila kumsema mke wangu Nyangeta, na siwezi kumsema Nyangeta bila kusema jinsi nilivyomwonea wivu.

Sio wivu ule wa mwanaume na mkewe. Ule nao ulikuja, tutaufikia. Nasema wivu wa kazi, wa fundi kwa fundi. Ule unaokukaa kifuani ukiwa umesimama kwenye jiko lako mwenyewe, unasikia mtu mwingine anasifiwa.

Mimi ni mzaliwa wa Kiriba, na nilikuwa mpishi katika kituo cha wazazi pale Musoma. Jina la kituo haliwahusu. Nilianza kama mwosha masufuria, miaka michache kabla ya Uhuru, chini ya Mzee Kasimu, mpishi mkuu, mtu wa Tabora aliyekuwa anavaa aproni nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika mwiko, na kofi la kwanza nililopata jikoni nililipata kwake.

Nilipopanda kuwa msaidizi wake nilitaka kumwonyesha kwamba nimeiva. Siku moja yeye hayupo, wavuvi wa Mugango wakapita na kamongo mkubwa, yule samaki wa matopeni, mnene kama paja. Nikamchukua. Nikamkaanga, nikamtia nyanya, nikamtia limau, harufu ikafika mpaka barabarani. Nikapeleka wadini sahani thelathini. Sahani thelathini zikarudi kama zilivyokwenda. Kumbe kina mama wengi wa huku wakati ule hawakumgusa kamongo, ilikuwa mwiko kwao, na mimi mtoto wa ziwani nilikuwa najua kabisa, ila sifa ilinifunga macho. Mzee Kasimu aliporudi hakunipiga. Alikaa chini, akamla yule kamongo kipande baada ya kipande, halafu akasema, "Kijana, kabla hujauliza chumvi imetosha, uliza anayekula ni nani."

Nilimwitikia, "Ndiyo, mzee." Sikuyasikia kabisa yale maneno. Nilidhani ananifundisha habari za samaki.

Uhuru ukaja. Mzungu aliyekuwa msimamizi akarudi kwao, tukaletewa Sista Adela, nesi wetu wa Kitanganyika, mwanamke mrefu aliyekuwa anatembea haraka mpaka wagonjwa walikuwa wanajua saa kwa viatu vyake. Mzee Kasimu macho yalianza kufifia, akawa anakaa kwenye kiti na kuelekeza, na jiko likawa langu. Aproni ikawa yangu. Nikapika vile nilivyofundishwa na wakubwa wa zamani: kabichi ya siagi, karoti, viazi mviringo, na ule mchuzi mweupe wa unga wa ngano na maziwa. Kina mama waliojifungua walikuwa wanautazama, wanageuza kijiko, wanasema ni chakula cha sungura. Nusu ya sahani ilikuwa inarudi. Mimi nikasema hawajastaarabika.

Sasa sikieni aibu yangu ya kwanza. Mimi mwenyewe sikuwa nakula ile kabichi. Kila mchana Nyangeta alikuwa ananiletea chakula kutoka nyumbani. Mpishi wa serikali, chakula chake kinatoka nyumbani kwenye bakuli lililofungwa kitambaa! Nilikuwa nakulia nyuma ya jiko, karibu na rundo la kuni, nimewapa watu mgongo.

Nyangeta ni mtu wa upande wa Butiama, binti wa wafugaji. Kwao mgagani haupandwi kwa jembe la kujionyesha. Unaota pale zizi lilipohamishwa, kwenye samadi ya zamani, na anayeujua huupalilia hapohapo. Aliupanda nyuma ya nyumba yetu na kila mara nilikuwa nakuta chungu kidogo kwenye mafiga, kimefunikwa, kina mgagani wa maziwa. Nilikula miaka yote sijawahi kuuliza umepikwaje. Chakula cha mke ni kama hewa, nani anakiuliza?

Siku moja niko kwenye kuni, nimeshika tonge la ugali wa mtama, nikasikia vile viatu.

"Mafuru, unakula nini?"

"Chakula tu, Sista."

"Kabichi yako iko wapi?"

Nikatazama chini. Sista Adela akainama, akamega tonge kwenye ugali wangu bila kuomba, akachovya, akala. Akamega la pili.

"Nani amepika hii?"

"Ni mama tu wa nyumbani," nikasema. Hivyo ndivyo nilivyomtaja mke wangu: mama tu wa nyumbani.

"Mlete kesho," akasema.

Nyangeta alikuja amevaa khanga mbili na viatu vya kuazima, anaogopa. Sista akamwambia apike chungu kimoja cha kina mama watano. Siku ya pili walikuwa kumi. Wiki haijaisha akaandikwa kibarua wa jiko la wazazi, akapewa pembe yake ya jiko, mafiga yake, na kipande cha ardhi nyuma ya jengo apande mgagani wake. Na mimi nilikuwa nimesimama pale na mwiko wangu mrefu kama askari asiye na vita.

Nitawaambia mambo yaliyoniuma, mpate kujua wivu unakula wapi.

Chungu chake kilikuwa kinarudi kitupu, kimefutwa na tonge la mwisho, na sufuria langu linarudi na ukoko. Kina mama wakiondoka na watoto wao walikuwa wanapita jikoni kuaga, wanamkumbatia Nyangeta, mimi wananipungia mkono. Watoto wa kike watatu waliozaliwa mwaka ule waliitwa Nyangeta. Hakuna mtoto aliyeitwa Mafuru, na Mafuru ni jina zuri tu.

Walikuwa wanamuuliza mambo pia. Mama mwenye kichwa kinachogonga alikuwa anapondewa majani na kufungwa kwenye paji la uso. Mwenye sikio linalouma alikuwa anaomba akamuliwe tone la majani yaliyopashwa moto, na hapo Sista alikuwa anamkatalia, anasema sikio ni la daktari, na nyinyi pia msijaribu. Lakini kuhusu damu Sista alikuwa hakatai. Kwa Nyangeta na mama zake, mboga ya kwanza ya mzazi ni mgagani, ili damu aliyoiacha kitandani irudi. Sista alikuwa anasema yeye hajui imani, yeye anatazama macho ya mgonjwa, na macho yanaanza kuwa mekundu ndani ya kope.

Na Mzee Kasimu! Huyo ndiye aliyenimaliza. Nilimkuta kwenye kiti chake, bakuli la mgagani magotini, analamba vidole kimoja kimoja. Mtu aliyenipiga kofi kwa kuonja kwa kidole!

"Mafuru," akasema, "nimepika miaka zaidi ya thelathini kwa mabwana. Huyu mkeo hajafundishwa na mtu yeyote na ananishinda."

"Amefundishwa na mama yake," nikasema.

"Basi mama yake alikuwa bwana mkubwa."

Nilirudi nyumbani na njaa. Nyangeta akaniwekea chakula, nikasema nimeshiba. Kesho yake nimeshiba. Karibu mwezi mzima nilikuwa nakula furu, vile visamaki vya ziwani, wa kukaanga kwa wamama wa mwaloni kunakotua mitumbwi, najifanya nimeshiba. Nyangeta hakuuliza. Alikuwa anatenga, anatazama, anaondoa.

Ndipo nikaamua kujifunza kwa kuiba. Nikasema, uchawi wake uko kwenye mbegu. Nikapita kwenye kitalu chake, nikachuma yale maganda marefu membamba ya mbegu yaliyokuwa yameanza kugeuka rangi, nikayajaza mfukoni, nikaenda kupanda karibu na maji, mahali ambapo hapana mtu. Nikamwagilia. Wiki moja, kimya. Wiki mbili, kimya. Mwezi, hakuna hata jani la kudanganya jicho. Nikaanza kuamini kwamba ameziwekea kitu.

Jioni moja nikamuuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua. "Mama Masatu, hivi mbegu za mgagani zinaota baada ya siku ngapi?" Masatu ni mtoto wetu wa kwanza.

Alikuwa anapepeta mtama. Hakuinua kichwa. "Inategemea. Zikitolewa leo na kupandwa leo, hazioti. Lazima zilale kwenye kibuyu juu ya moto, msimu mzima. Mbegu mpya ni kama mtoto mchanga, Baba Masatu, huwezi kumtuma." Akapepeta. "Na aliyezichuma kwenye kitalu changu aliacha nyayo za viatu. Pale jikoni mwenye viatu vya kazi ni wewe na Sista."

Nilivuta miguu yangu chini ya kigoda. Lakini msidhani nilijifunza. Mtu mwenye wivu akiumbuliwa hasemi nimekosa. Anasema, huyu sasa lazima aanguke.

Wakati huo palikuwa na mama mmoja wadini, Nyamisi, mtu wa Mugango. Alijifungua kwa shida, damu ikamtoka nyingi, akabaki amelala kama nguo iliyotandikwa. Mtoto alikuwa mzima. Mama ndiye aliyekataa kula. Siku nne Nyangeta alikaa naye, anamwekea kijiko kimoja, anamwimbia, anamwacha, anarudi. Siku ya tano Nyamisi alisema kwa mdomo wake, "Kesho nitakula na ugali."

Hiyo kesho ndiyo siku tuliyoletewa wageni kutoka wilayani. Sista alitaka waone kwamba kituo kinalisha watu chakula cha nchi yao. Ilikuwa baada ya Azimio, kila mkubwa alikuwa anasema tule vyetu, tuvae vyetu. Akamwambia Nyangeta apike chungu kikubwa. Mimi nikaambiwa nichemshe chai.

Chai! Mpishi mkuu!

Sasa sikilizeni na upishi wenyewe, kwa sababu kosa langu liko ndani yake. Mgagani unachumwa mchanga, kabla haujatoa maua. Haukatwi kwa kisu, unachambuliwa kwa vidole, mashina yanatupwa. Unachemshwa kwa maji mengi. Maji yanageuka rangi, yanatoka na ule uchungu. Unayamwaga. Ndipo unatia maziwa mabichi, moto mdogo, unafunika, unaongeza maziwa kadiri yanavyokauka. Ukiulaza ukaupasha tena kesho yake kwa maziwa mengine, ndio mtamu zaidi. Nyangeta alikuwa hamwagi yale maji yakiwa ya moto, yasije yakaunguza mizizi ya kitalu. Alikuwa anayaweka kwenye karai yapoe kwanza.

Asubuhi ile akayaweka kwenye karai, akatia maziwa ya kwanza, akafunika chungu, akatoka kwenda getini kupokea maziwa mengine kwa mchunga ng'ombe. Nikabaki peke yangu. Nilitazama mlangoni. Nikachukua upawa, nikayarudisha yale maji. Upawa mmoja. Wa pili. Mkono wangu ukawa mtamu, nikatia wa tatu na wa nne. Nikafunika. Nikarudi kwenye chai yangu.

Nyangeta huwa anaonja. Siku hiyo wageni walifika mapema, Sista akaja mbio, "Pakua, pakua," Nyangeta akapakua bila kuonja. Na desturi yake ilikuwa mgonjwa kuliko wote anapakuliwa wa kwanza.

Mimi nilikuwa nimebeba chai, nipo mlangoni pa wadi. Nilimwona Nyamisi akiinuliwa, akiegemezwa mto. Nilimwona akimega tonge yeye mwenyewe. Akatia mdomoni. Uso ukajikunja, akatema kwenye kiganja, machozi yakamtoka, akageukia ukutani. Yule mgeni mkubwa kutoka wilayani alikula matonge mawili kwa adabu, akaomba maji.

Nyangeta akarudi jikoni, mimi nyuma yake. Akachovya kidole kwenye chungu, akaonja. Akatazama lile karai. Maji yalikuwa yamepungua, yameacha mstari wa kijani pembeni. Kisha akanitazama mimi. Wanangu, nimetazamwa na watu wengi wenye hasira maishani. Ile haikuwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesoma barua ya msiba, anarudia mstari ahakikishe.

Sista akaingia. "Nyangeta, nini hiki? Yule mama tumembembeleza siku nne!"

"Nimekosea mimi, Sista," Nyangeta akasema. "Sikumwaga maji vizuri."

Sista alifunika kile chungu. "Nenda nyumbani upumzike. Nikikuhitaji nitakuita."

Hakumwita.

Nitasema kweli, nilifurahi. Furaha yenyewe ilichukua muda wa sufuria la maji kuchemka. Jioni ile nikapitia wadini, Sista amekaa kwenye kitanda cha Nyamisi na kikombe cha uji, anamtia tone kwa tone, na Nyamisi amefunga meno. Ilikuwa hivyo siku mbili. Hakufa, namshukuru Mungu kila siku kwa hilo. Alipona polepole, lakini aliondoka pale amekuwa kama ufito, mtoto amebebwa na bibi yake. Mimi nilirudi kwenye kabichi yangu, na kina mama wakarudi kugeuza kijiko. Kila siku kuna aliyeuliza, "Yule mama wa mgagani yuko wapi?" Ameondoka na bado ananishinda!

Nyumbani Nyangeta hakunigombeza. Ningependa angenigombeza sana. Alipika dagaa, alipika kunde, alipika kila kitu. Mgagani hakuupika tena.

Baada ya miezi kadhaa walikuja wanawake wawili kutoka upande wa Butiama, wametumwa na kijiji chao. Ilikuwa kijiji kipya cha ujamaa, watu wamehamia pamoja, wana shamba la pamoja la pamba, na wakati wa kuchuma pamba watoto wanabaki hawana wa kuwapikia. Mmoja wao aliwahi kulala kwenye wadi yetu. Walimtaka Nyangeta awe mpishi wa watoto na wazazi.

Nikamwambia, "Mke wa mpishi wa serikali akapikie watu porini?"

"Baba Masatu," akasema, anakunja khanga zake, "sikuombi ruhusa. Nakuaga."

Akachukua mtoto, akachukua kibuyu chake cha mbegu, akaenda.

Ndio ukaja ule wivu mwingine niliosema. Kila mtu aliyetoka upande ule alikuwa na habari. Nyangeta anapikia watoto themanini. Nyangeta ana bustani kubwa kuliko ya bwana shamba. Halafu dereva mmoja wa lori la pamba akaniambia, anacheka, "Huyo bwana shamba mwenyewe kila asubuhi anampelekea mkeo maziwa kwa baiskeli." Nikamjibu kwamba maziwa ni maziwa tu. Lakini usiku nilikuwa naisikia kengele ya ile baiskeli.

Nikaomba likizo ya siku tatu. Nikapanda lori lililokuwa linarudi Bunda kwenye kinu cha pamba, nikashuka kwenye njia panda ya Butiama, nikatembea mchana kutwa na maneno yangu tayari mdomoni. Karibu na kijiji nikasikia kengele. Baiskeli ikaja, ina dumu la maziwa nyuma. Kijana akashuka, akaisimamisha, akavua kofia.

"Shikamoo, mzee."

Mzee! Sikuwa nimefika miaka arobaini. Kijana mwenyewe hata ndevu hazijajaa. "Marahaba," nikasema, na maneno yangu yote yakaanguka pale barabarani.

"Unatafuta nani, mzee?"

"Mimi ni mume wa Nyangeta."

Uso wake ukafunguka. "Mume wa mama! Panda, nikupeleke." Nikafika kwa mke wangu nimekaa kwenye baiskeli, nimekumbatia dumu la maziwa ya watoto.

Nyangeta alikuwa amezungukwa na vyungu vinne. Hakusimama. Alinipa maji ya kunawa, akanipa chakula, akangoja nimalize. Nikamwambia, "Mama Masatu, yale maji kwenye karai."

"Najua."

"Ulijua siku ileile?"

"Nilionja, Mafuru." Hakuniita Baba Masatu. "Nimeupika tangu nina miaka saba."

"Kwa nini hukumwambia Sista?"

"Kibarua changu kilikuwa cha siku, kazi yako ilikuwa ya mwezi. Mtoto alikuwa anakula kwa kazi yako. Ningesema, tungetoka wote." Akachochea moto. "Mimi ningekusamehe mwaka huohuo. Lakini ulimtia Nyamisi uchungu mdomoni, na mimi nilimwahidi utamu. Hilo sijui nani wa kulisamehe."

Nikauliza kama naweza kusaidia. Akanionyesha vyungu vya kuosha.

Zile siku tatu zilipoisha nikaandika barua ya kuacha kazi. Nilibaki kijijini pale. Msimu mzima nilichota maji, nikapasua kuni, nikaosha vyungu, kama nilivyoanza kwa Mzee Kasimu. Mwiko hakunipa. Kuchuma mgagani nilikatazwa kabisa, maana wamama wa pale walikuwa na imani kwamba mtu mwenye kinyongo akiuchuma, uchungu hautoki hata kwa maji saba. Walikuwa wananiona nikikaribia kitalu wanapiga kelele, "Mafuru, moyo umeshasafika?" Nikisema bado, wanacheka, wananirudisha kwenye kuni. Mimi siamini mambo hayo. Lakini kila mara nilijiuliza kwanza kabla ya kujibu, na kila mara jibu lilikuwa bado.

Nilijifunza kwa macho. Nilimwona anakata vichwa vya maua ili mmea uendelee kutoa majani. Nilimwona anachanganya majani ya kunde kwa ajili ya watoto wadogo, maana ulimi wa mtoto hauna subira. Nilimwona anapopasha chungu cha jana hakorogi katikati, anazungusha pembeni taratibu ili maziwa yasikatike. Msimu wa pili alinipa mwiko bila sherehe, alikuwa na homa tu na watoto wanalia njaa. Nikapika. Watoto wakala, hakuna aliyesema kitu. Kutosemwa kitu na watoto themanini ni sifa kubwa, mtakuja kujua.

Sasa namalizia. Siku moja gari la kliniki likaja kupima watoto uzito, na aliyeshuka, nikavijua viatu kabla sijamwona mtu. Sista Adela, amenenepa kidogo, miwani usoni. Walikumbatiana na Nyangeta muda mrefu. Wakamkalisha kwenye mkeka pamoja na wamama wa kijiji, na chakula kikaletwa.

Chungu cha siku hiyo nilikipika mimi. Nyangeta alishinda kwenye mizani na watoto. Mimi nilichambua, nikachemsha, nikamwaga, nikatia maziwa mara nne. Nilikaa nyuma ya wamama, nanyoosha shingo kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

Sista akala. Akafumba macho. "Nyangeta," akasema, "huu ndio ule niliokula kwenye kuni siku ya kwanza. Lakini ule wa siku ya wageni, nimefikiri miaka yote hii, sikuelewa ulikuwaje."

Nyangeta akatazama mikono yake. Wamama wakageuza shingo, maana habari hiyo walikuwa hawaijui. Nikajua nikikaa kimya sasa, nimeyarudisha yale maji mara ya pili.

Nikasimama. "Sista, siku ile Nyangeta hakukosea. Mimi nilirudisha maji machungu kwenye chungu. Alikuwa getini anapokea maziwa. Nilimwonea wivu."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja akasema, "Eee, Mafuru," kwa sauti ya chini, kama anayeona nyoka ndani ya nyumba. Sista alivua miwani, akaifuta muda mrefu, akaivaa.

"Nakuamini," akasema. "Nyangeta, nisamehe. Nilikuhukumu."

Nyangeta akaitikia kwa kichwa, na chozi likamdondoka kwenye khanga. Miaka yote ile sikuwa nimemwona akililia jambo hilo.

Ningekaa hapo. Mwenye akili angekaa. Lakini nilikuwa bado nimesimama, na ulimi ukaniwasha. Nikasema, "Na huu wa leo, Sista, nimepika mimi."

Wamama wakaangua kicheko mpaka wengine wakalala kwenye mkeka. "Mafuru, huna haya! Umetoka kutubu sasa hivi!" Sista naye akacheka, akamshika Nyangeta begani. "Ameanza tena huyu."

Nikamtazama Nyangeta. Yeye alikuwa shahidi pekee. Alinitazama, akatazama chungu, akachukua upawa.

"Ongeza, Sista," akasema. "Utapoa."

Sijawahi kumuuliza kwa nini hakunishuhudia. Nimepika mgagani miaka mingi tangu siku ile, na wanaojua wanasema siku hizi hakuna wa kututofautisha. Lakini watu wakija hapa nyumbani wanasimama mlangoni, wananiuliza kama mama yupo. Nikiwaambia amekwenda Mugango kuona wajukuu, ila mboga ipo jikoni, ingieni mle, wananishukuru kwa heshima kabisa, wanasema watapita kesho.